Saa ya Gari Iliyotudanganya



Mwezi huu hatutazungumza juu ya uji wa watoto wala chanjo. Tutazungumza juu ya saa, tena saa ya gari. Tunajua baadhi yenu mtasema hayo ni mambo ya akina baba na mafundi. Tusikilizeni kwanza, kisha mtahukumu.

Shemeji yetu, mdogo wake baba watoto, alinunua gari la spoti lililotumika, kutoka Japani. Ni jekundu, lina milango miwili, na limekaa chini kama kuku anayeatamia. Alipopata kazi ya mbali alituachia tulitunze. Gari la namna hiyo halikutengenezwa kwa ajili ya mchanga wa kwetu, lakini ndilo lililokuwepo, nasi tukalitumia kwenda kazini, sokoni na kanisani.

Katikati ya dashibodi lilikuwa na saa ndogo ya tarakimu za kijani. Lilipofika kwetu, saa hiyo ilituchekesha sana. Asubuhi saa moja ilionyesha 1:00. Saa mbili ilionyesha 2:00. Shemeji alisema Wajapani wamejifunza Kiswahili. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameigusa. Japani wako mbele yetu kwa saa sita kamili, na saa yetu ya Kiswahili nayo inapishana na ile ya Kizungu kwa saa sita. Kwa hiyo kwetu kukiwa na saa moja asubuhi, kwao ni saa saba mchana, na saa yao huandika 1:00. Gari lililotoka huko bila kubadilishwa saa husema Kiswahili bila kufundishwa!

Baada ya miezi michache kichekesho kiligeuka kuwa usumbufu. Tukiwasha gari, mara nyingine saa ilipotea, kisha ikaanza upya kwenye 1:00. Baba watoto aliirekebisha, akaiweka kwa mtindo wa Kizungu. Kesho yake ikarudi 1:00. Watoto wakasema, "Mama, saa imelala tena." Na kwa kuwa asubuhi tunatoka nyumbani karibu na saa moja, ile 1:00 ilionekana kama ndiyo sahihi. Mchana nao, tukiwasha gari karibu na saa saba, ilionekana sahihi vile vile. Huo ndio ubaya wa saa inayoweza kusomwa kwa njia mbili: haikosi mtu wa kuiamini.

Tulimpelekea fundi. Akaitazama kwa dakika mbili, akasema, "Mama, saa hii imekufa. Tafuteni nyingine." Tukatafuta, tukapata ya gari lililokwisha kukatwa vipuri, akaifunga. Siku ya tatu nayo ikarudi 1:00. Hapo tukachoka. Tukasema, basi, kila mtu ana saa yake mkononi au kwenye simu, hii ya gari iwe pambo tu. Tukaizoea.

Akina mama, kumbukeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililotuponza. Tulijua kuwa saa ni mbovu, na tuliizoea.

Siku ya Jumamosi

Msimu wa mvua uliopita tulikuwa likizoni. Jumamosi moja tulikwenda kumtembelea mama mkwe katika kijiji cha pwani, upande wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ile iliyoanzishwa mwaka 2000. Mnaoijua njia hiyo mnafahamu: mnapita Madimba penye mitambo ya gesi, kisha mikoko, minazi na mchanga.

Kabla ya adhuhuri tukaitwa zahanati. Palikuwa na binti mwenye mimba yake ya kwanza, miezi minane. Alikuwa amelalamika kichwa tangu usiku, na macho yanaona ukungu. Wakati anapimwa presha akapata degedege. Wenzetu wauguzi mmekwisha kuujua ugonjwa huo: kifafa cha mimba.

Mwenzetu wa zahanati alikuwa peke yake, naye alijua kazi yake. Alikuwa na magnesiumu salfeti, tukasaidiana. Umeme ulikuwa umekatika na wingu limetanda, tukamulika mshipa kwa simu yetu mpaka ikaisha chaji. Dozi ya kwanza ikaingia yote, ya mshipani na ya matakoni. Degedege likatulia. Sasa ikabaki kumfikisha mjini upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kumpeleka mgonjwa mwingine. Lililokuwepo ni lile jekundu lenye milango miwili.

Msituulize tulimwingizaje. Tulikunja kiti cha mbele, tukampitisha taratibu, tukamlaza ubavu wa kushoto kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwetu. Bibi yake akakaa mbele. Mwenzetu akatupa karatasi ya rufaa dirishani, akasema, "Sista, muda wa sindano sijaujaza, malizieni." Baba watoto akawasha gari, likalia kwa shida, likawaka.

Saa yetu ya kifuani tulikuwa tumeiacha nyumbani kwa sababu ya likizo. Simu yetu ilikuwa imezimika. Baba watoto alikuwa na simu mfukoni, tungeweza kumwuliza. Hatukumwuliza. Mbele ya macho yetu palikuwa na saa inayong'aa, nasi tulikuwa na haraka. Ilionyesha 1:05. Kule hospitali tunaandika saa za siku nzima, kutoka sifuri hadi ishirini na nne. Tukaandika 13:05.

Tulifika mjini salama. Muuguzi aliyetupokea alisoma karatasi, akatazama saa ya ukutani, akasoma tena. Kisha akauliza kwa upole, "Sista, sindano hii mmeidunga lini? Hapa mmeandika saa saba na dakika tano. Sasa hivi ni saa saba kasoro dakika kumi."

Tuliona aibu hadi jasho likatutoka. Tulikuwa tumeandika muda ambao ulikuwa haujafika.

Kwa nini ilikuwa hatari

Magnesiumu salfeti ni dawa iliyookoa akina mama wengi. Utafiti ulioitwa Magpie, uliochapishwa mwaka 2002, ulifanyika katika nchi 33 kwa wanawake zaidi ya 10,000 wenye presha ya mimba. Ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza uwezekano wa kupata degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini ni dawa inayokwenda kwa saa. Kwa utaratibu wa sindano za matakoni, dozi inayofuata hutolewa baada ya kila saa nne. Kabla ya kuitoa, muuguzi huhesabu pumzi za mgonjwa, hugonga goti kuona kama linaruka, na huangalia kiasi cha mkojo. Ikitolewa mapema mno huweza kulemaza pumzi. Ikichelewa, degedege huweza kurudi.

Kwa karatasi yetu, dozi ya pili ingesubiri mpaka saa kumi na moja na dakika tano jioni. Binti yule angekaa zaidi ya saa moja na nusu bila kinga. Ingekuwa tumechelewa kufika kwa nusu saa tu, pengine hakuna mtu ambaye angeligundua kosa, maana 13:05 ingeonekana ni muda wa kawaida kabisa.

Tulipokuwa tunahangaika kukumbuka, bibi wa yule binti akasema, "Tulipomfikisha zahanati, wachokoa pweza ndiyo kwanza walikuwa wanarudi, maji yanaanza kujaa." Ilikuwa siku za bamvua. Watu wa pwani yetu wanajua kwamba bamvua likiwepo, maji hutoka mbali sana mnamo saa nne na saa tano za asubuhi, kisha kila siku huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo sindano haikuweza kuwa ya saa saba. Tukapiga simu zahanati. Mwenzetu alikuwa amekwisha kuandika kwenye kitabu chake: saa tano na nusu. Tukasahihisha karatasi na kuweka sahihi mbele ya muuguzi aliyetupokea.

Bibi asiyevaa saa alikuwa ametushinda sisi wenye stashahada. Yeye alitazama kitu ambacho hakijawahi kumdanganya. Sisi tulitazama kitu tulichojua kuwa kinadanganya.

Binti alijifungua usiku ule. Mtoto alikuwa mdogo, akakaa siku kadhaa kifuani kwa mama yake kwa utaratibu wa kangaruu, na wote wawili walirudi nyumbani wazima. Tulimshukuru Mungu, kisha tukamshukuru na yule muuguzi anayesoma karatasi mara mbili.

Ugonjwa haukuwa wa saa

Kesho yake asubuhi tukitaka kwenda kanisani, gari likakataa kuwaka. Lilitoa mlio wa tik, tik, basi. Tulitazamana na baba watoto bila kusema neno. Kama lingefanya hivyo jana, katikati ya mikoko, na binti yule mapajani!

Safari hii tulimwita fundi umeme wa magari, kijana mtulivu. Yeye hakuanza na saa. Alifungua boneti, akachukua kipimo chake cha umeme. Alitueleza kwamba betri nzima, gari likiwa limezimwa, husoma karibu volti 12.6, na gari likiwaka kinu cha umeme hupandisha mpaka kama 14. Ya kwetu ilisoma 12 tu, na fundi alipojaribu kuwasha ikaporomoka hadi 7. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe wa kijani, mambo ya chumvi ya pwani, na waya wa kwenda bodini ulikuwa umelegea.

Tukamwuliza, "Na saa je?"

Akacheka. "Mama, saa haina kosa. Ina waya mbili za umeme. Moja hupata umeme wakati wote, hata ufunguo ukitolewa, ndiyo inayoiwezesha kukumbuka. Nyingine huiwashia taa. Starta ikizunguka hunyonya umeme mwingi sana. Betri ikiwa dhaifu, saa hukosa umeme kwa nukta moja, inasahau kila kitu, inaanza upya."

Kumbe! Saa ilikuwa inatuambia kwa miezi mingi kwamba betri inakufa. Sisi tukabadilisha saa. Ni sawasawa na mtu anayeona kipima joto kinaonyesha homa, akaenda kununua kipima joto kingine. Ile saa ya kwanza tuliyoambiwa imekufa ilikuwa nzima kabisa. Fundi alisafisha vichwa kwa maji ya moto na magadi, akapaka grisi, akakaza waya, tukanunua betri mpya. Tangu siku hiyo saa haijarudi 1:00.

Tuliona tu kwamba kwa mwezi inachelewa kidogo, kama dakika moja au mbili. Fundi akasema huo si ugonjwa. Ndani ya saa za namna hiyo mna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotikisika. Katika saa nyingi za mkononi hutikisika mara 32,768 kwa kila sekunde, na saa huhesabu mitikisiko hiyo. Jiwe hilo limepimwa lifanye kazi vizuri kwenye joto la kawaida. Likipata joto kali hupunguza mwendo, na dashibodi ya gari lililoanikwa juani hapa Mtwara mnaijua wenyewe, hata mkono hauwekeki. Tunaegesha chini ya mwembe, na kila tarehe mosi baba watoto anairekebisha.

Yafaa tufanye nini nyumbani?

Wapendwa, wengi wenu hamna gari la spoti, na pengine hamlihitaji. Lakini kila nyumba ina saa, na kila nyumba ina dawa. Tunaomba mshike haya machache.

Kwanza, saa mbovu irekebishwe au iondolewe. Kama fedha haijapatikana, ifunikwe kwa karatasi. Saa iliyosimama haimdhuru mtu, kwa kuwa kila mtu anaona imesimama. Inayodhuru ni ile inayotembea na kudanganya.

Pili, mkipewa dawa, ulizeni muda kwa Kiswahili chenu na rudieni kwa sauti. "Saa mbili" ya mama na "saa 2:00" iliyoandikwa kwenye karatasi huweza kupishana kwa saa sita nzima. Semeni "saa mbili asubuhi" au "saa mbili usiku", kisha andikeni hivyo hivyo.

Tatu, dawa mseto ya malaria ina dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, na zinazobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Maana yake ni muda wa saa nane, si "ikifika saa nane"! Kosa hilo tumelikuta mara nyingi. Mtoto ameanza dawa saa tatu asubuhi, mama anampa ya pili saa nane mchana, badala ya saa kumi na moja jioni. Mpeni pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo ili dawa ifanye kazi vizuri.

Nne, mtoto akipata degedege, mtu mmoja atazame saa papo hapo. Mlazeni kwa ubavu, msimtie kitu mdomoni. Degedege lolote ni la kupelekwa hospitali, na likipita dakika tano ni hatari kubwa. Daktari atauliza lilianza lini. Vivyo hivyo chupa ya uzazi ikipasuka, wekeni muda akilini, kwa sababu hesabu ya saa ndiyo inayoamua kama mama atahitaji dawa ya kuzuia maambukizo.

Tano, mjamzito aliyepita miezi mitano akiumwa kichwa sana, akiona ukungu, akivimba uso au akiumwa chini ya chembe cha moyo, asingoje kesho. Hali kadhalika mama aliyejifungua, mpaka wiki sita zipite. Kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga, upo mpango wa m-mama unaopigiwa simu ya bure namba 115. Ubandikeni mlangoni.

Nasi tumeweka amri nyumbani kwetu: kitu kikisema uongo mara mbili, tunatafuta sababu kabla ya kununua kingine. Watoto wameishika mno. Juzi redio ilikwaruza, mdogo wao akasema, "Mama, tuangalie betri kwanza." Zilikuwa zimekwisha kweli.

Basi leo, mkimaliza kusoma, inukeni mtazame saa ya ukutani, mwilinganishe na ya simu. Ikiwa imepotea, mjue pa kuanzia.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.